Barua Yangu na Beseni la Mate

Kila siku saa kumi na nusu jioni tulitema mate mbele ya mwanamume. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba, kwa sababu watu wa siku hizi nikiwasimulia hunitazama kama mtu anayeongeza chumvi. Langoni mwa kiwanda paliwekwa stuli, juu ya stuli beseni jeupe lenye ukingo wa buluu, na kando yake ndoo ya maji na kikombe kimoja. Kikombe kimoja, na wanawake tulikuwa zaidi ya mia moja. Unachota maji, unasukutua, unatema ndani ya beseni, na msimamizi anainama kutazama ulichotema. Akiona maji matupu, unapita. Akiona chembe nyeupe, basi umetafuna korosho ya kiwanda, na huo ndio mwisho wa kazi yako.

Msimamizi huyo alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi, na hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Angekuwa mchafu ningemwelewa. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kwenye mfuko wa kifuani alichomeka vitu viwili: kalamu ya wino, na kijiti cha mwanzi alichotumia kukorogea mate yetu. Akimaliza kukoroga alikifuta kwa kitambaa, akakirudisha mfukoni, pembeni ya kalamu. Alituita ndugu, kama ilivyokuwa desturi ya nyakati zile. "Ndugu, sukutua. Ndugu, fumbua kinywa. Ndugu, inua ulimi." Ilinichukua miaka mingi kuweza kuitwa ndugu bila kuona kichefuchefu.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapo Mtwara mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimaliza darasa la saba kijijini kwetu, upande wa Nanyamba, nikaja mjini kukaa kwa shangazi yangu nikiamini kwamba mtu anayejua kusoma na kuandika hawezi kukosa kazi ya mezani. Kazi niliyoipata ilikuwa ya mezani kweli, ila meza yenyewe ilikuwa jiwe. Korosho zilikaangwa kwenye pipa, zikaletwa zikiwa bado na joto, na sisi tukazigonga moja moja kwa kinyundo cha mti ili kiini kitoke kizima. Ganda la korosho lina utomvu unaochoma kama moto. Tulipaka majivu mikononi, lakini majivu hayatoshi. Wiki ya kwanza vidole vinageuka vyeusi. Wiki ya tatu ngozi inaanza kubanduka vipande vipande, na chini yake inatokea nyingine nyekundu, nayo inageuka nyeusi. Shangazi alinipenda, sina la kumlaumu, lakini alianza kunipakulia kwenye sahani ya peke yangu, kwa sababu wanawe walikataa kutia mkono pamoja nami kwenye sinia moja. Sikuwalaumu wale watoto. Mwenyewe pale nyumbani nilikula kwa kijiko, ili vidole vyangu visiguse mdomo.

Mwanamke niliyekaa naye jiwe moja alikuwa Mmakonde wa ng'ambo. Alivuka Ruvuma na ndugu zake wakikimbia vita vya Mreno, mumewe akabaki huko na hakuonekana tena. Umri wake ulikuwa wa mama yangu, nami nilimwita mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanganya majivu na mafuta ya nyonyo ili mkono usiungue sana, na kugonga korosho kwenye ubavu badala ya tumbo. Mdomo wake wa juu ulitobolewa tangu usichana, na ndani ya tundu alivaa ndonya, kibao cheusi cha mviringo kama kifuniko cha chupa. Mabinti wa mjini waliicheka ile ndonya. Yeye hakujali. Aliniambia mara moja, tena kwa kujivuna, kwamba hata mumewe hakuwahi kumwona bila hiyo.

Mchana tulikula pamoja nyuma ya ghala. Mimi aghalabu sikuwa na kitu. Yeye alileta bakuli la muhogo wa kuchemsha, ule mkavu unaovunjikavunjika, akalisogeza katikati yetu na kuanza kula bila hata kunikaribisha, kama mtu anavyokula na mwanawe. Yeye peke yake ndiye aliyetia mkono penye mkono wangu.

Tangazo nililiona posta, siku nilipokwenda kumchukulia shangazi barua yake. Ilitangazwa nafasi moja ya kuunganisha simu, kwa mtu aliyemaliza darasa la saba, mwenye sauti inayosikika vizuri. Nililisoma mara tatu nimesimama pale, watu wananipita wakiziba pua, maana harufu ya utomvu haitoki kwa sabuni. Chini kabisa paliandikwa kwamba waombaji walio kazini wapitishe barua zao kwa waajiri wao. Ndivyo ilivyokuwa. Ukitaka kuondoka kwa mtu, mtu huyohuyo ndiye aliyetakiwa kuweka saini na muhuri kwenye barua ya kumwacha. Aliyetunga utaratibu huo sijui alikuwa anamfikiria nani, lakini hakika si mbangua korosho.

Shangazi alinishauri nisiseme kwamba nina kazi. Ningefichaje wakati mikono inasema? Yeyote wa Mtwara akiiona anajua ilikotoka. Niliandika barua ile mara nne. Tatu za kwanza zilipata madoa ya kahawia pale vidole vyangu vilipoishika karatasi, nikazichana kwa hasira. Ya nne niliiandika nimejifunga kitambaa mkononi kama mgonjwa. Nikaipeleka ofisini kwa msimamizi.

Aliisoma polepole, mpaka mwisho.

"Kumbe unajua kuandika."

"Ndiyo, ndugu."

"Na unataka kutukimbia."

Nilitazama barua mkononi mwake. Aliikunja vizuri, akaiweka chini ya glasi yake ya chai.

"Nitaipitisha. Hakuna haraka."

"Mwisho wa kupokelewa ni Jumamosi ya wiki ijayo, ndugu."

"Hakuna haraka," akasema tena, akanyanyua glasi, akanywa, akairudisha juu ya barua yangu. Ikabaki alama ya mviringo.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwezi mmoja kabla ya hapo wanawake tulikwenda kwa katibu wa tawi la chama kulalamika. Tulisema ni aibu mwanamume wa nje kuchungulia vinywa vya wake za watu. Malalamiko yale niliyaandika mimi, kwa sababu wengi wao hawakujua kusoma, na niliyaandika vizuri sana, nikajisifu moyoni. Majibu yalikuja siku mbili baada ya mimi kupeleka barua yangu ya kuomba kazi. Beseni hawakuliondoa. Waliamua tu kwamba litashikwa na mwanamke, na msimamizi atasimama hatua moja nyuma, aitwe pakiwa na shaka.

Alinichagua mimi. Alinitangaza mbele ya watu wote, akitabasamu.

"Huyu ndugu ndiye aliyewaandikia. Basi alishike yeye."

Ningeweza kukataa. Nimelizungusha jambo hili kichwani maisha yangu yote, na kila mara nafika palepale: ningeweza kukataa. Lakini barua yangu ilikuwa chini ya glasi, na nilikwisha kujiona nimekaa posta, nimevaa gauni safi, nasema halo, nikusaidie nini. Nilijiambia ni siku chache tu. Nikalishika beseni.

Nisingependa kueleza kilichokuwamo ndani ya beseni baada ya wanawake wale wote kupita, lakini nitaeleza, kwa sababu nililishika kwa mikono miwili, karibu na kifua, na hakuna aliyenihurumia. Yale mate yalikuwa na uvuguvugu. Yalikuwa na ugoro, na damu ya fizi, na wekundu wa tambuu, na mara moja yalikuwa na matapishi ya binti mwenye mimba changa ambaye hakuweza kukivumilia kikombe. Yalinirukia mikononi, penye ngozi iliyobanduka. Wengine walitema kwa makusudi pembeni, juu ya vidole vyangu, wakinitazama machoni. Kwa siku mbili nilipofika nyumbani sikula kitu. Chai ilinishinda, kwa kuwa ilikuwa ya moto na ilikuwa kwenye kikombe.

Wanawake wakaacha kunisemesha. Nikikaribia, maneno yanakatika. Mama wa jiwe langu hakubadilika. Mchana alisogeza bakuli lake la muhogo katikati yetu, kama kawaida, nami nikala, maana ndicho chakula pekee kilichonishuka siku zile. Alinitazama nikila, akasema, "Wewe shika tu. Akishaweka nkono kwenye barua, unatoka hapa. Usiwasikilize."

Nilikuwa nimemwambia habari za barua. Yeye peke yake ndiye aliyejua.

Ijumaa, ikiwa imebaki siku moja, nikaenda ofisini mchana. Barua ilikuwa bado chini ya glasi, na alama zimeongezeka.

"Siku zote hizi beseni ni safi," msimamizi akasema. "Hakuna hata mmoja. Wakubwa wangu wataniuliza kama nimemweka mtu mwenye macho."

"Hawajala, ndugu."

"Wote hawa? Wanashinda na korosho mikononi, wasile?" Akakitoa kile kijiti mfukoni, akakitazama, akakirudisha. "Posta wanataka mtu mwenye masikio. Mimi nitampitishaje mtu ambaye hata macho hana?"

Hakusema zaidi ya hapo, wala sikuhitaji zaidi. Nilitoka nikijua anachotaka, na nikijua kwamba anajua kuwa nimejua. Mwili wote ulinisisimka kama nimekanyaga kitu laini gizani. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, nikala muhogo na mama.

Jioni ile foleni ilikwenda taratibu. Mimi nimeshika beseni, yeye nyuma yangu hatua moja, nasikia harufu ya sabuni yake. Mmoja baada ya mwingine, maji matupu. Nilianza kuomba, Mungu anisamehe, nilianza kuomba apite hata mmoja aliyekula. Kisha akafika mama. Yeye alizoea kusukutua kwa kuuzuia mdomo wa juu kwa kidole, maana maji yalimtoka kupitia penye tundu. Akatema. Maji matupu.

"Na hicho?" msimamizi akauliza, akielekeza kidole kwenye ndonya. "Nyuma ya hicho kuna nini?"

"Hapana kitu, ndugu."

"Toa tuone."

"Hiki hakitolewi mbele ya ntu."

Msimamizi akasogea karibu na sikio langu. Aliniambia mimi. "Mwambie."

Nikamwambia. Nilisema, "Toa tu, mama. Ni mara moja." Tena kwa sauti nzuri, ile inayosikika vizuri.

Akanigeukia, akanitazama, kisha akageukia ukuta. Akajifunika uso kwa kanga, akaitoa. Alipogeuka tena mdomo wake ulikuwa umelegea na kuning'inia, akawa kama mtu mwingine, mzee sana, na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakainamisha vichwa. Hakuna aliyecheka safari hii. Akasukutua, maji yakimchuruzika kidevuni, akatema. Vikatoka vipande viwili vyeupe, vidogo, vikatulia chini ya beseni.

Msimamizi alikitoa kijiti, akavisogeza huku na huku. "Hii nini?"

Nilijua ni nini. Mtu yeyote aliyezaliwa kwetu anajua. Korosho ikitafunwa huyatia maji weupe kama tui. Muhogo hubaki vipande, na maji hubaki maji. Maji yale yalikuwa maangavu, nikaona mpaka mchubuko uliokuwa chini ya beseni. Na zaidi ya hayo, muhogo uleule ulikuwa bado umeninasa mimi kwenye jino la nyuma, nikiusukuma kwa ulimi tangu mchana.

"Nhogo huo," mama akasema, kanga ikiwa mdomoni. "Muulize huyu. Nimekula naye."

Msimamizi akaniuliza, kwa upole mkubwa, "Umekula naye, ndugu?"

"Sikumwona, ndugu."

Maneno mawili. Nikameza mate, na ule muhogo ukatoka jinoni ukashuka nayo.

Mama hakulia wala hakugomba. Aliirudisha ndonya yake bila kugeukia ukuta tena, kwa kuwa sasa kulikuwa na faida gani. Akafungua aproni ya gunia, akaikunja, akaiweka chini na kinyundo juu yake. Akapita langoni. Pale kiwandani sikumwona tena, na kwa watu wa nyumba aliyopanga nilisikia kwamba alikwenda Kitaya, kwa wenzake wa ng'ambo waliokuwa wakilima pale mtoni.

Barua yangu ilipita jioni ileile. Msimamizi aliitoa chini ya glasi, akachomoa kalamu iliyokaa pamoja na kijiti, akaweka saini. Muhuri aliupiga mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. "Umeona?" akasema akinipa. "Macho unayo." Niliipokea kwa mikono ambayo sikuwa nimenawa. Usiku shangazi aliiweka ndani ya Msahafu ili inyooke, nami nikaiondoa alipotoka, nikaiweka chini ya godoro. Jumamosi asubuhi niliifikisha posta.

Nilipata kazi. Mkuu wa posta alinitaka nisome tarakimu kwa sauti, akaitazama mikono yangu, akasema itapona. Ilipona kweli. Baada ya miezi sita ilikuwa mikono ya mtu, na wanawe shangazi wakarudi kula nami sinia moja. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilipenda zile nyaya na taa, na watu kuniita dada kwa adabu. Kitu kimoja tu kilinishinda. Kile chombo cha kusemea, ambacho tulipokezana watu watatu kwa zamu, kilikuwa na unyevu wa vinywa vya wenzangu. Kila asubuhi nilikisugua kwa spiriti mpaka rangi ikaanza kutoka. Wenzangu walisema najidai msafi.

Mwaka ule Mreno alipoondoka ng'ambo, niliambiwa kuna mtu ananiuliza mlangoni. Nilimjua kabla hajageuka. Alikonda, na nywele zilikuwa nyeupe, lakini ndonya ilikuwa ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ntoto wangu." Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akavipapasa vidole kimoja kimoja kama anayechagua mbegu. "Imepona," akasema. Akaridhika kabisa, na sikuona uchungu wowote usoni kwake, ingawa niliutafuta. Alisema amekuja mjini kununua chumvi na sabuni, kisha anavuka kurudi kwao. Huenda wasikute nyumba, lakini ardhi haikimbii vita. Amepita kuniaga tu.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno yake tayari, niliyapanga kwa miaka. Sasa nikafungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi bila kitu, kama nasubiri kukaguliwa.

Yeye akafungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na muhogo wa kuchemsha, mkavu, uliovunjikavunjika njiani. Akaushika na kuninyooshea.

"Kula," akasema. "Hapa hawakagui."

Nikala. Nilikula mbele yake mpaka kipande cha mwisho, naye alisimama akinitazama ninavyotafuna, kisha akajifunga kanga, akaniaga kwa heri ya kawaida, akaenda zake. Nikazunguka nyuma ya posta penye bomba. Nikachota maji kwa kiganja, nikasukutua, nikatema juu ya saruji, nikainama kutazama, kwani kutazama nilikuwa nimefundishwa. Vipande vilikuwa vyeupe, vidogo, vimetulia, na maji yalikuwa maangavu.